Ganzi ya Mikono Usiku

Akina mama wakulima, wa Sirari hata wa Mugumu, hutueleza kwamba usiku huamshwa na ganzi ya dole gumba na vidole viwili vinavyofuata. Wakikung'uta mkono hupata nafuu. Huko si kurogwa, wala wembe hausaidii. Mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono.

Kwanza tunamkunjisha mgonjwa vifundo kwa dakika 1, tuone kama ganzi inarudi. Penye shaka, au kabla ya upasuaji, daktari huweza kuagiza kipimo cha umeme. Umeme mdogo hupitishwa kifundoni, na mashine hupima muda wa kufika kidoleni. Mshipa mzima hupeleka habari kama meta 50 kwa sekunde au zaidi. Uliobanwa huchelewa pale pale kifundoni. Unashtua kidogo, haudhuru. Mashine hizi ni chache, basi kabla ya kulipa nauli ya Mwanza, mwombe daktari wako aulize kwanza Bugando.

Mapema, banzi la kunyoosha kifundo wakati wa kulala husaidia, na wajawazito wengi hupona wakishajifungua. Lakini nyama ya chini ya dole gumba ikinywea, au vikombe vikikuponyoka, usingoje mavuno yaishe.