Umbali wa Ramani na Mwendo wa Msafiri

Walimu wa jiografia humwagiza mwanafunzi achukue rula, apime ramani, kisha azidishe kwa kipimio. Kwa njia hiyo atapata kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Lodwar hadi ule wa Mandera ni kilomita 700 hivi. Mstari huo huvuka Ziwa Turkana, hupita karibu na North Horr, hukaribia Moyale, ndipo ukafika Mandera. Ndege ndogo ya pangaboi iendayo kilomita 450 kwa saa ingeumaliza kwa muda wa saa moja na nusu.

Hesabu hiyo ni sahihi. Hata hivyo, ilinishinda kumweleza mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Mandera, aliyekuwa Lodwar kwa mazoezi ya ualimu alipopata habari kwamba babake amefariki. Hakupata ndege ya kumvusha moja kwa moja. Ilimbidi aruke hadi Nairobi, kilomita 500 kusini, alale kwangu huku Mutuini, kisha aruke tena kilomita 800 kuelekea kaskazini mashariki. Alfajiri tulipanda matatu kwenda Uwanja wa Wilson, safari isiyotimia kilomita 20. Msongamano ulitushika tukatumia zaidi ya saa nzima. Alipowasili kwao, marehemu alikuwa amekwisha kuzikwa, kwani Waislamu hawacheleweshi maiti.

Tukiwa njiani aliniuliza, "Mwalimu, kwani kwetu ni mbali na wapi?" Sikuwa na jibu.

Nami ni mwanaisimu, ningefaa kuwa nalo. Kiswahili kina umbali, kina masafa, lakini wazee walipendelea kusema "mwendo wa siku tatu". Wako wanaodhani kwamba hicho kilikuwa kipimo cha watu wasiojua kupima. La hasha! Neno mwendo hujumlisha nafasi, muda, njia na chombo. Lilipima kile ambacho rula haikioni.

Tena mwendo, tofauti na umbali, hutengenezwa na binadamu. Waraka wa Kikao Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kule ambako zingeleta mazao mengi zaidi, na nyanda kame za kaskazini zikaachwa nyuma. Serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, zina wajibu wa kusahihisha hayo. Lakini kila njia ikielekezwa Nairobi tu, Turkana na Mandera zitabaki mbali, si na mji mkuu peke yake, bali hata zenyewe kwa zenyewe.

Basi, walimu wenzangu, mkishampa mwanafunzi swali la kilomita, mwongezeeni la pili: msafiri huyo atapitia wapi, na atafika lini? Nasi tuliosoma zaidi tuwaulize wanaopanga njia swali hilo hilo, kabla mwana mwingine hajamkosa mzazi wake kaburini.