Ziara ya Ziwa Nakuru ianzie mjini

Mzazi, je, mwanao ameleta barua ya shule ya kuomba pesa za ziara ya Ziwa Nakuru? Bila shaka utafikiria mfuko wako kwanza. Kisha utakumbuka za miaka iliyopita: watoto waliimba ndani ya basi, wakaona nyati na twiga, na ulipowauliza wamejifunza nini wakakujibu kwamba simba alikuwa amelala.

Mwombe mwalimu basi lisimame kwanza katikati ya jiji, pale bustani ya Nyayo Gardens. Watoto wakae chini ya miti, waonyeshwe Menengai iko upande gani na ziwa liko upande gani. Watatambua wenyewe kwamba Nakuru imejengwa kwenye mteremko. Mvua ikinyesha, maji ya mitaro huteremka kuelekea ziwani, na karatasi ya peremende iliyotupwa barabarani husafiri nayo.

Wakifika mbugani waelezwe jambo ambalo wageni wengi hawalijui: ziwa hili halina mto unaotoka. Njoro, Makalia na Enderit humwaga maji humo, nayo hupungua kwa kukaushwa na jua tu. Taka ikishaingia, imeingia.

Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limefura, likameza lango kuu la zamani, na migunga mingi ikafa ikiwa imesimama majini. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo, hula mwani mdogo sana unaositawi katika maji ya magadi. Maji ya mito na mvua yalipozidi, magadi yalipungua nguvu, mwani ukaadimika, na ndege wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Mwanao asitarajie ufuo mzima wa waridi kama ule wa kalenda. Mimi naona kuuliza walikoenda ni somo kubwa kuliko kuwaona.

Nawe mwanafunzi, usidhani haya ni ya wakubwa. Chama cha Wildlife Clubs of Kenya kilianzishwa na wanafunzi mwaka 1968, mwaka ule ule mahali hapa palipotangazwa mbuga ya taifa.

Kuhusu chakula, tangu Juni 2020 plastiki ya kutumiwa mara moja na kutupwa hairuhusiwi mbugani. Mkate utiwe ndani ya mkebe, maji katika chupa ya kudumu. Na sweta asiisahau, maana asubuhi ya Nakuru ina baridi.