Hadithi za Mapenzi ya Vizazi Viwili

Wako watu wadhanio ya kuwa hadithi ya mapenzi ni habari ya kijana na msichana tu, na kwamba wakioana hadithi imekwisha. Likizo iliyopita nilisoma vitabu viwili vya Kiingereza visivyokubali jambo hilo. Napenda kueleza jinsi vilivyotungwa, maana kimoja kimezusha ubishi mkubwa katika bweni letu.

Cha kwanza ni Wuthering Heights cha Emily Brontë, kilichopigwa chapa Uingereza mwaka 1847. Heathcliff, mtoto aliyeokotwa Liverpool, alilelewa nyumba moja na Catherine, wakapendana. Walakini Catherine aliolewa na Edgar Linton, kijana mwenye mali. Catherine afa katikati ya kitabu, na msomaji hujiuliza kurasa zilizobaki ni za nini. Ni za watoto. Binti aliyemzaa usiku ule ule, aitwaye pia Catherine, mwishowe ampenda binamu yake Hareton, ambaye Heathcliff alimnyima elimu kwa makusudi ili kulipiza kisasi. Binti yule amfundisha kusoma. Wengi huipita sehemu hiyo upesi, lakini mimi naiona ndiyo bora kuliko zote.

Cha pili ni Desertion, neno lenye maana ya kumtupa mtu, cha mwaka 2005. Mwandishi wake, Abdulrazak Gurnah, alizaliwa Unguja mwaka 1948, akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka 1899, katika mji mdogo wa pwani ya Kenya, mwenye duka aitwaye Hassanali atoka alfajiri kwenda kufungua msikiti, amwona Mzungu aliye hoi kwa uchovu. Amchukua nyumbani kwake. Hassanali ana dada, Rehana, ambaye mumewe alisafiri baharini asirudi tena. Basi Rehana na Mzungu yule, Martin Pearce, wapendana. Hapo msimulizi akiri wazi kwamba hajui walianzaje, na yambidi kukisia. Ukweli huo ulinipendeza. Wawili hao wakaishi Mombasa, kisha Pearce akarudi kwao, naye Rehana akabaki na mtoto wa kike.

Mara twajikuta Unguja, miaka ya 1950. Amin, kijana anayesomea ualimu, ampenda Jamila, mjukuu wa Rehana. Wazazi wa Amin ni walimu, watu wa elimu, hata hivyo wakataa kabisa. Jamila amekwisha kuachwa na mume, tena bibi yake aliishi na Mzungu bila ndoa. Amin amwahidi mama yake kwamba hatamwona tena Jamila, na ahadi hiyo aishika, ingawa mapenzi hayamtoki miaka yote. Ayaandika katika daftari, ambalo baadaye lasomwa na ndugu yake Rashid aliyekwenda kusoma Uingereza.

Ndipo ulipo ubishi wetu. Wenzangu wengine wasema Amin ni mfano wa mapenzi ya kudumu na wa utii kwa mzazi. Mimi kwanza nilimwita mwoga, nikasoma tena. Sasa sidhani kwamba ni mwoga. Mtoto gani kwetu angemkatalia mama yake kwa urahisi? Lakini Pearce alimtupa Rehana kwa kupanda meli, na Amin akamtupa mjukuu wa Rehana kwa kushika ahadi, naye Jamila hakuulizwa lolote. Katika kitabu cha Brontë watoto wayatengeneza yaliyoharibiwa na wazee. Hapa mjukuu alipa deni la bibi asiloliandika yeye, na wanaomdai ni majirani kwa maneno yao.

Tena lile daftari ni la Amin. Mawazo ya Jamila twayapata kwa nadra sana, na hilo ndilo nililowaambia wenzangu bwenini mpaka taa zikazimwa. Mwalimu wetu amekubali tulifanyie mjadala muhula ujao, nami nimejiandikisha upande wa Jamila.