Mtambo wa Eropleni na Kiu ya Maji



Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipimwa kwa maji kuliko kwa maili. Mpagazi wa Kinyamwezi alipokaribia Mgunda Mkali, ile nyika kavu iliyo kati ya Ugogo na Unyanyembe, alijaza kibuyu chake kabla ya kutazama jambo jingine. Maana kibuyu kikivuja njiani, nguvu za mabega hazikumfaa kitu. Basi watu wa Ziba na Tabora hawatashangaa nikiwaambia ya kuwa eropleni nayo yaweza kuanguka kwa kiu. Katika mazungumzo haya tutaeleza sababu yake, na jinsi mafundi walivyotengeneza mtambo usiohitaji hata tone moja la maji.

Ndani ya silinda ya mtambo, petroli huchanganyika na hewa, ikawashwa kwa cheche, ikawaka kwa nguvu. Moto huo husukuma pistoni, na mwendo wa pistoni huzungusha rafadha. Lakini katika moto wote huo, kama robo tu hugeuka kuwa kazi. Uliobaki ni joto tupu. Joto jingine hutoka pamoja na moshi, na jingine hubaki katika chuma. Lisipoondolewa, mafuta ya kulainisha huungua, pistoni huvimba ikashikamana na silinda, na mtambo husimama ghafula. Dereva wa gari hushuka akakaa chini ya mti. Je, rubani atashuka wapi?

Njia ya kwanza ya kuondoa joto ni maji. Maji huzungushwa kando ya silinda, yakachukua joto lake, yakapelekwa katika rejeta yenye mifereji myembamba, ambamo upepo huyapoza, kisha hurudi tena. Njia hii ni njema, ila ina kasoro mbili. Ya kwanza, mfereji mmoja ukipasuka, maji yote humwagika, na rubani hubakiwa na dakika chache tu za kutafuta mahali pa kutua. Ya pili, kadiri tupandavyo juu, maji huchemka upesi zaidi. Pwani huchemka kwa joto la digrii 100. Tabora, iliyo juu ya bahari kwa futi karibu 3,900, huchemka kwa digrii kama 96. Na juu mawinguni huchemka kwa digrii chache kuliko hizo. Yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hutoroka.

Mambo haya yalionekana wazi mwaka 1920, watu walipojaribu kwa mara ya kwanza kuruka toka Misri hata Afrika ya Kusini. Van Ryneveld na Brand walikuwa na eropleni kubwa aina ya Vickers Vimy, yenye mitambo miwili ya Rolls-Royce ipozwayo kwa maji. Walipokuwa wakiruka usiku juu ya mto Nile, rejeta ikavuja. Wakalazimika kutua gizani karibu na Korosko, na eropleni ikavunjika. Mitambo yake ilisalimika, ikatiwa katika eropleni nyingine.

Vimy nyingine, iliyoongozwa na Cockerell na Broome, ilifika Tabora baada ya kutua njiani mara nyingi kwa sababu ya mitambo yake, na kuvuja kwa maji kulikuwa miongoni mwa maudhi yake. Tarehe 27 Februari 1920 ilijaribu kuruka kutoka Tabora, ikashindwa kupanda, ikaanguka na kuvunjika. Waliokuwamo waliokoka, lakini safari yao ilikwisha hapo. Van Ryneveld na Brand walifika Cape Town tarehe 20 Machi, nao walikuwa katika eropleni yao ya tatu.

Sasa tutazame njia ya pili. Yapata mwaka 1908, ndugu wawili wa Ufaransa, jina lao Seguin, walitoa mtambo ulioitwa Gnome. Katika mtambo wa kawaida silinda hutulia, na mhimili huzunguka. Katika Gnome mambo yalipinduliwa: mhimili ulifungwa imara katika eropleni, na silinda zote, zilizopangwa duara kama mataruma ya gurudumu, zilizunguka pamoja na rafadha, kiasi cha mara 1,200 kwa dakika. Juu ya kila silinda palichongwa pete nyembamba za chuma ili upepo upate mahali pengi pa kugusa. Mtu mwenye jasho akikaa kimya hupoa polepole, lakini akipungiwa kipepeo hupoa upesi. Mtambo huu ulijipepea wenyewe, hata eropleni ikiwa bado imesimama chini. Haukuwa na rejeta, wala maji, wala mfereji wa kupasuka.

Ulilainishwa kwa mafuta ya mbarika, yale yale tunayoyajua kuwa dawa ya tumbo. Sababu ni kwamba petroli ilipita katikati ya mtambo, na mafuta ya kawaida yangaliyeyuka ndani yake; ya mbarika hayayeyuki kwa urahisi. Lakini hayakurudi. Yalirushwa nje pamoja na moshi, zaidi ya galoni moja kwa saa, yakampaka rubani usoni.

Mitambo ya namna zote mbili ilijaribiwa Rufiji katika vita vya kwanza, Waingereza walipoitafuta manowari ya Wadachi iitwayo Königsberg. Mwishoni mwa mwaka 1914 rubani Cutler alikuwa na eropleni ya majini aina ya Curtiss, ipozwayo kwa maji. Rejeta yake iliharibika, ikabidi itafutwe rejeta ya gari la Ford huko Mombasa. Mwaka 1915 zikaletwa eropleni za Sopwith zenye mitambo ya Gnome. Hizo hazikuwa na maji ya kuvuja. Lakini hewa ya joto ni nyepesi, hupunguza nguvu za mtambo na kuzidhoofisha mbawa, hata zikashindwa kupanda vema zikiwa na mzigo. Basi tujue ya kuwa kuondoa kiu si kuondoa joto la nchi.

Mtambo wa kuzunguka haukudumu. Uzito wake uzungukao uliivuta eropleni upande mmoja ilipogeuka, na mafuta yake yalikuwa gharama. Lakini wazo la kupoza kwa hewa lilibaki, silinda zikiwa zimetulia na upepo wa mwendo ukipita juu yake. Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, ilitumia eropleni za Moth zenye mitambo ya Gipsy ya namna hiyo.

Ninyi msafirio kwa lori, shikeni neno moja. Rejeta ikichemka, zimeni mtambo, ngojeni upoe, wala msifungue kifuniko kwa haraka. Maji yaliyofungiwa humo yamepita joto la kuchemka. Kifuniko kikilegea hugeuka mvuke mara moja, yakaruka usoni. Tena msimwage maji baridi juu ya chuma chenye moto, maana chaweza kupasuka. Na kabla ya kuondoka, tazameni maji kwanza, kama mpagazi alivyotazama kibuyu chake.