Porini Ni Zaidi ya Saa Moja Kutoka Hospitali

Mwaka jana nikiwa BTP, wanafunzi wa kidato cha pili walipelekwa kufyeka nyasi nyuma ya bweni. Kwenye saa nne asubuhi tukasikia kelele. Binti mmoja alikuwa ameumwa na nyoka mguuni, juu kidogo ya kifundo. Walimu tulikuwa saba pale, wote wasomi, na hakuna hata mmoja aliyejua aanze na lipi. Mmoja alileta mpira wa baiskeli, akafunga chini ya goti na kukaza kwa nguvu zote. Mwingine akatafuta wembe. Wa tatu akamtuma kijana kijiji cha jirani kwa mzee mwenye jiwe la nyoka. Mimi nilikuwa nazunguka uwanjani na simu mkononi nikitafuta mtandao.

Mzee alifika baada ya saa moja na nusu. Aliposimuliwa jinsi nyoka alivyokuwa, mnene, mfupi, anatoa sauti ya kupuliza, akasema hapo hapo kuwa ni kifutu. Gari la kwenda hospitali lilichukua saa nyingine mbili. Binti alipona, lakini alilazwa wiki nyingi na mpaka naondoka alikuwa anachechemea. Daktari hakutugombeza. Aliuliza tu, "Huu mpira alifunga nani?" Tukatazamana.

Makala haya yanatokana na swali hilo.

Pori ni nini hasa?

Ukitaja huduma ya kwanza ya porini, wengi tunamfikiria mtalii mwenye begi kubwa anayepanda Kilimanjaro. Ni kweli fani hii imekulia kwa wapanda milima na waongoza watalii. Lakini wanaoifundisha hawapimi pori kwa wingi wa miti wala kwa simba. Wanapima kwa muda: kama mgonjwa yuko mbali na matibabu kamili kwa zaidi ya saa moja hivi, basi huyo yuko porini.

Chukua kipimo hicho uzunguke nacho. Shule ya kata ambayo basi linapita mara moja kwa siku iko porini. Kijiji ambacho masika yakianza barabara inakatika kiko porini. Hata sisi tunaopenda kwenda Uluguru wikiendi: ukiwa juu unaziona paa za mji wa Morogoro kwa macho yako, lakini mwenzako akivunjika mguu, kumshusha kwenye utelezi ule kunaweza kumaliza nusu siku. Maana yake ni kwamba wengi wetu tunaosoma ualimu tutaajiriwa porini, tupende tusipende.

Mjini kazi ya mtoa huduma ya kwanza ni kumtunza mgonjwa dakika chache mpaka gari lifike. Porini kazi zinaongezeka. Unamtunza kwa saa nyingi, unaamua kama abebwe au asubiri, na unamsafirisha wewe mwenyewe kwa ulichonacho.

La kwanza: usiongeze tatizo

Turudi kwa yule binti, kwa sababu kwa nyoka ndiko tunakokosea zaidi. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na lengo lake ni kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Ulemavu mwingine tunauleta sisi wenyewe.

Sumu ya kifutu huvimbisha na kuharibu nyama ya pale alipouma. Ukikaza mpira juu yake, unafungia sumu sehemu moja na kuzuia damu, hivyo mguu unaanza kufa. Ukichanja kwa wembe unaongeza damu na vijidudu. Kunyonya hakutoi sumu ya maana. Jiwe halivuti sumu, ila linavuta muda. Na kumfukuza nyoka ili mmuue ni kutafuta mgonjwa wa pili.

Kinachotakiwa ni hiki: muondoe mgonjwa mahali pa hatari, alale, atulie. Vua viatu, bangili na pete mapema, kwa sababu uvimbe unakuja. Funga kijiti pembeni ya mguu kama vile umevunjika, ili usitikisike, lakini usikaze. Chora kwa kalamu mahali uvimbe ulipofika na uandike saa. Akitapika au akilegea, mlaze ubavu. Kisha ondokeni. Dawa ya sumu ya nyoka iko hospitalini, na kila kitu kingine ni cha kumfikisha huko akiwa hai. Kama ni swila aliyetema machoni, osha macho kwa maji mengi mfululizo, kisha nendeni vilevile.

Mengine kwa ufupi

Damu: bonyeza kwa kitambaa safi, kwa uzito wa mwili, dakika kumi bila kufunua kuchungulia. Kufunga na kukaza kabisa ni kwa mkono au mguu unaomwaga damu isiyozuilika kwa kubonyeza, na andika saa uliyofunga. Angalia hapo: kamba ileile inayomwokoa anayevuja damu inamwumiza aliyeumwa na kifutu. Ndiyo maana kusikia tu kwamba "watu huwa wanafunga" hakutoshi.

Mfupa: usinyooshe kwa nguvu. Weka vijiti na nguo laini, funga kwa kanga juu na chini ya palipovunjika, kisha kagua vidole. Vikiwa baridi au vimebadilika rangi, legeza.

Baridi: mtu aliyelowa mlimani akianza kutetemeka, kujikwaa na kuongea kama mlevi, mwili wake unapoa kupita kiasi. Mvue nguo mbichi, mvalishe kavu, mtenge na ardhi. Usimpe pombe kali eti ya kupasha moto. Inazidisha kupoteza joto.

Maji: anayezama usimrukie kama hujafunzwa uokoaji. Mtupie kamba, mti mrefu au dumu tupu lililofungwa kifuniko.

Kwa nini iwe ya jamii nzima

Unaweza kusema basi kila shule ipeleke mwalimu mmoja kozini. Siku hiyo mwalimu huyo akiwa benki, mnabaki mlivyokuwa. Ujuzi huu unasaidia ukigawanywa.

Mfano mzuri unatoka Nepal. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye vijiji vinne vya kusini-mashariki, watu walielimishwa kuhusu nyoka na waendesha pikipiki wakajitolea kuwawahisha walioumwa kwenye kituo cha matibabu, mgonjwa akikaa katikati, dereva mbele na mtu wa kumshikilia nyuma. Vifo kati ya walioumwa vilishuka kutoka asilimia 10.5 hadi 0.5. Hawakujenga hospitali mpya. Waliunganisha elimu, pikipiki na kituo kilichokuwepo.

Nani hapa kwetu hana boda karibu? Dereva wa boda ndiye gari la wagonjwa la vijiji vingi, ila hakuna aliyemfundisha. Na yule mzee wa jiwe tusimcheke. Kati yetu wote siku ile ni yeye pekee aliyemtambua nyoka, na watu wanamwamini. Mzee kama huyo akisema "mpelekeni hospitali kwanza", hakuna atakayebishana.

Tuanze na nini

Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kinafundisha huduma ya kwanza. Skauti wanayo pia. Siku ya Huduma ya Kwanza Duniani huwa Jumamosi ya pili ya Septemba. Naomba serikali yetu ya wanafunzi iitumie siku hiyo kuleta wakufunzi hapa chuoni, na kila anayekwenda BTP apate angalau siku mbili za mazoezi ya mikono. Tunakaguliwa azimio la kazi na andalio la somo. Hakuna anayetukagua kama tunajua kumbeba mtoto.

Wakati huohuo, ukifika kituoni kwako, wiki ya kwanza uliza mambo manne: kituo cha afya kiko wapi, hospitali ipi ina dawa ya sumu ya nyoka, mtandao unashika wapi, na nani ana chombo cha usafiri usiku. Weka namba 112 ya dharura na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Mkitoka na wanafunzi, acha ujumbe mnaenda wapi na mnarudi saa ngapi.

Kabla sijaondoka pale shuleni tuliandika majibu ya maswali hayo kwenye karatasi, pamoja na namba za madereva watatu wa boda, tukaibandika ofisini juu ya ratiba. Aliyeiandika ni yule mwalimu aliyefunga mpira. Aliomba mwenyewe.