Kikohozi Kisichopona: Huenda Mtoto Alipaliwa

Wakati wa kuvuna na kupukuchua mahindi, punje hutapakaa kila mahali katika boma zetu za Sigor na Chepalungu yote: uani, kwenye turubai, chini ya meza. Mtoto anayetambaa huziokota na kuzitia mdomoni. Mara nyingi hapati neno. Lakini punje moja ikipita njia isiyo yake, inaweza kumletea nimonia isiyosikia dawa na hata kumharibia pafu.

Njia mbili, hatari mbili

Nyuma ya ulimi kuna njia mbili. Moja ni ya hewa, inayokwenda mapafuni. Ya pili ni umio, unaopeleka chakula tumboni.

Mtoto akicheka, akilia au akikimbia huku anatafuna, kitu kinaweza kuvutwa na pumzi hadi kwenye njia ya hewa. Mara nyingi huishia pafu la kulia, kwa sababu mrija wake ni mpana na umesimama wima zaidi. Mahindi na maharagwe hunyonya maji na kuvimba humo ndani. Njugu nazo zina mafuta yanayowasha. Mrija ukiziba, makohozi hukwama nyuma yake, viini huzaana, na nimonia huanza. Ikikaa muda mrefu, usaha hujikusanya na sehemu ya pafu huharibika.

Kwenye umio, adui mkubwa ni mfupa wa samaki, wa kuku au wa mbuzi. Mfupa wenye ncha ukitoboa umio, mate na viini huvujia katikati ya kifua, karibu na moyo. Maambukizi ya hapo ni makali na yanaweza kuua kwa siku chache. Betri ndogo za duara, zile za saa, rimoti na vitu vya kuchezea, ni hatari zaidi. Ikikwama kwenye umio, betri huanza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa 2 tu.

Utulivu unaodanganya

Mtoto akipaliwa hukohoa kwa nguvu na kubadilika rangi. Baada ya dakika chache anaweza kutulia na kurudi kucheza. Mzazi hudhani kitu kimetoka, kumbe kimeshuka chini zaidi. Siku au wiki zikipita, homa na kikohozi huanza, na hakuna anayekumbuka ile punje. Mtoto hupewa dawa ya nimonia, hupata nafuu kidogo, kisha huugua tena.

Hata picha ya eksirei haitoshi. Sarafu na betri huonekana, lakini punje, njugu na maharagwe kwa kawaida hazionekani. Ndiyo maana maelezo ya mzazi ni ya thamani kubwa. Ukifika hospitalini sema wazi: "Mtoto huyu alipaliwa siku fulani, alikuwa akila kitu fulani."

Nenda hospitalini mara moja ukiona:

- Kikohozi au mlio wa kifua ulioanza ghafla baada ya kupaliwa, hata kama mtoto ametulia.
- Nimonia inayorudi, hasa upande uleule wa kifua.
- Kupumua haraka au kifua kubonyea ndani mtoto anapovuta pumzi.
- Kushindwa kumeza, au mate kumtiririka.
- Maumivu ya kifua au shingo pamoja na homa baada ya kumeza mfupa.

Akipaliwa, fanya hivi

Kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe na usimwache peke yake. Kama hawezi kulia, kusema wala kukohoa, usisubiri:

- Aliye chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa kikielekea chini, umpige mgongoni kati ya mabega mara 5. Kisha mgeuze, ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Rudia.
- Aliyezidi mwaka 1, na mtu mzima: mwinamishe, umpige mgongoni mara 5. Kisha simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na uvute ndani na juu mara 5. Rudia.

Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, maana utakisukuma ndani. Usimtapishe aliyemeza betri. Na ile desturi ya kumeza tonge kubwa la ugali ili kusukuma mfupa iachwe, kwani tonge huweza kuuzamisha mfupa kwenye nyama.

Matibabu yapo

Anzia hospitali ya Sigor au kituo kilicho karibu nawe. Ikibidi, utaelekezwa Longisa, au hospitali yenye wapasuaji wa kifua kama Tenwek. Kitu kilichokwama mara nyingi hutolewa kupitia mdomoni kwa mrija wenye taa, mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa, bila kupasua kifua. Njia hii si ngeni: mwaka 1897 daktari Gustav Killian wa Ujerumani aliitumia kutoa mfupa wa nguruwe katika pafu la mkulima.

Kwa watu wazima

Mtu mzima ambaye nyama au ugali humkwama mara kwa mara asilaumu meno tu. Bomet ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yenye wagonjwa wengi wa saratani ya umio, na kukwamwa na chakula ni dalili yake. Apimwe mapema.

Kinga nyumbani

Usimpe mtoto wa chini ya miaka 5 njugu, bisi wala peremende ngumu. Mtoto ale akiwa ameketi. Fagia baada ya kupukuchua. Chambua samaki mifupa kabla ya kumpakulia. Funga vizuri mahali pa betri kwenye rimoti, na betri zilizokwisha zisiachwe mahali watoto wanapofika.