Zinaida Serebriakova: Pasteli, Baleti na Ukoo wa Jukwaa

Zinaida Serebriakova, aliyezaliwa mwaka 1884 katika shamba la familia la Neskuchnoye karibu na Kharkiv, hutajwa zaidi kwa picha ya mwaka 1909 aliyojichora akichana nywele mbele ya kioo, ilhali kazi zinazodhihirisha vyema zaidi alikotoka ni zile za pasteli zinazowaonyesha wacheza baleti wakijiandaa nyuma ya jukwaa.

Ukoo wake uliishi kwa majumba ya michezo. Babu wa mama yake, Alberto Cavos, ndiye msanifu wa ukumbi wa Mariinsky uliofunguliwa St. Petersburg mwaka 1860, na ndiye aliyeujenga upya ukumbi wa Bolshoi wa Moscow baada ya moto wa mwaka 1853. Mjomba wake, Alexandre Benois, alikuwa bingwa wa ubunifu wa jukwaa, yaani kazi ya kubuni mandhari yaliyochorwa, samani na mavazi ili watazamaji wasadiki mahali pasipokuwapo. Yeye ndiye aliyebuni sura ya baleti ya Petrushka, iliyoonyeshwa kwanza Paris mwaka 1911. Serebriakova mwenyewe hakuifanya kazi hiyo kuwa taaluma yake, lakini baada ya baba yake kufariki mwaka 1886 alilelewa katika nyumba ya babu yake, jirani na Mariinsky, ambako mazungumzo ya jukwaa yalikuwa ya kila siku.

Mwaka 1919 mumewe alifariki kwa tifasi, homa inayoenezwa na chawa, na mwaka uliofuata, shamba likiwa limekwisha kuporwa na kuchomwa, alirejea St. Petersburg, mji ambao wakati huo uliitwa Petrograd, pamoja na mama yake na watoto wanne. Binti yake Tatiana alipoingia shule ya baleti, mama naye alipata kibali cha kuchora katika vyumba vya kuvalia vya ukumbi wa Mariinsky, na kazi hiyo ikaendelea hadi mwaka 1924.

Pasteli ni vijiti vya rangi ya unga iliyoshikwa kwa gundi kidogo sana, na kwa kuwa haihitaji kusubiriwa ikauke, humwezesha mchoraji kumwahi mtu anayefunga utepe wa kiatu kabla hajainuka. Unga huo, unaolainishwa kwa kidole, hufaa pia kwa sketi za kitambaa chepesi na mabega yaliyopakwa poda. Mchoraji Edgar Degas alikwisha kuthibitisha hayo mjini Paris, ingawa wachezaji wake mara nyingi huonekana kama watu wanaochunguliwa, ambapo wale wa Serebriakova, kama Tatiana na wenzake, wametulia kana kwamba aliyeko chumbani ni mzazi wao.

Mwaka 1924 alikwenda Paris kutafuta riziki, na hakurudi kuishi nyumbani tena. Wepesi wa mkono alioupata nyuma ya jukwaa ulimfaa Marrakech na Fes nchini Morocco, alikozuru mwaka 1928 na 1932 na kuchora kwa pasteli watu ambao hawakukubali kukaa mbele yake kwa muda mrefu. Watoto wawili walimfuata Ufaransa. Tatiana alibaki Urusi, akawa msanii wa mandhari ya jukwaa mjini Moscow, na hawakuonana hadi mwaka 1960, miaka saba kabla ya mama kufariki.